Orval Huseby na Saladi Yenye Unyoya

Orval Huseby aliendesha lori la kuondoa theluji la kaunti yetu kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo hakuangusha sanduku la barua hata moja. Kwa asiyeijua Nordby, mji wetu, hilo laweza kuonekana jambo dogo. Masanduku yamepangwa kando ya barabara juu ya vijiti vyake, theluji inayafunika hadi shingoni, na dereva anapita akisukuma koleo la chuma pana kuliko kitanda cha watu wawili. Duane, dereva wetu wa akiba, aliangusha kumi na moja asubuhi moja. Akasimama kwenye nyumba ya mwisho kuomba radhi, na alipokuwa akirudi nyuma akaangusha la kumi na mbili.

Mimi ndiye ninayelipakia lori la Orval chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Niko kwenye yadi ya barabara mwaka wa kumi na tisa sasa, na miaka yote hiyo tumekula chakula cha mchana meza moja, yeye na mimi, kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyasikia kwa mtu. Mengine niliyala kwa mdomo wangu.

Dereva wa gari kubwa hupimwa afya, na presha ikizidi mia na arobaini kwa tisini, cheti chake cha kuendesha kinaanza kuleta maneno. Mwezi wa Agosti presha ya Orval ilisoma mia na hamsini na sita kwa tisini na nne. Mwaka uliotangulia ilikuwa vivyo hivyo, wakamvumilia. Safari hii walimpa karatasi ya miezi mitatu, na wakamwambia hakuna nyingine baada ya hiyo. Tarehe kumi na nne Novemba presha iwe imeshuka, la sivyo funguo za lori anapewa Duane.

Sasa, mtu mwingine angesema bora apumzike, umri umekwenda. Orval alikuwa na miaka sitini na mbili. Mkewe, Ardis, alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na hawakujaliwa watoto. Siku moja tukisubiri injini ipate moto aliniambia, bila kunitazama, kwamba akiwa ndani ya lori huwa hakumbuki kuwa nyumbani kwake kuna viti sita na kinachokaliwa ni kimoja. Watu wa huku hawasemi mambo kama hayo. Nilijua basi kwamba lori likiondoka, Orval hatakuwa na sababu ya kuamka, na nilimwogopea.

Kupika hajui. Tangu Ardis aondoke anakula Bukini, mgahawa ulio njia panda ya barabara kuu. Bukini ni kampuni yenye matawi mia tatu, na yote yana zulia lile lile na bata bukini yule yule wa plastiki mlangoni. Menyu yake ina kurasa kumi na nne. Ukurasa wa saba unaitwa Mbawa Nyepesi, na kando ya kila mlo wa ukurasa huo kuna unyoya mdogo wa kijani. Daktari alikuwa amemwambia Orval ale vyakula vyepesi. Orval akafungua menyu, akaona neno nyepesi kwa herufi kubwa, akaifunga menyu. Yeye ni mtu wa kuamini kilichochapishwa.

"Nipe hii saladi yenye unyoya," akamwambia Lavonne.

Lavonne Pribyl ndiye mhudumu wa meza zetu, mwanamke mfupi mwenye kalamu mbili kichwani, na alikuwa rafiki wa Ardis tangu utotoni. Aliposikia habari ya cheti alilichukulia suala hilo kama la nyumbani kwake. "Kipenzi, niachie mimi," alisema. "Ikifika Novemba utakuwa na presha ya mtoto mchanga."

Saladi ikaja. Ilikuja ndani ya bakuli la mkate uliokaangwa, na bakuli nalo huliwa. Ndani yake kulikuwa na majani, sikatai, niliyaona. Juu ya majani kulikuwa na kuku wa kukaanga, jibini za aina mbili, zeituni, matango ya siki, mbegu za alizeti zilizokaushwa kwa chumvi, na juu ya vyote hivyo mchuzi mweupe mzito wa maziwa, ule ambao watu wa huku wakiachiwa watautia hadi kwenye uji. Pembeni kulikuwa na kikombe cha supu, nacho kina unyoya wake. Mimi nilikuwa na baga yangu na chipsi, ambazo hazikuwa na unyoya wowote, na Orval aliniangalia kwa huruma.

"Lusajo," akaniambia, "na wewe ujiangalie, bwana."

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mtu mzima aliteseka hivyo. Nordby mtu hakubali kitu mara ya kwanza. Ukikaribishwa kahawa unasema hapana, usijisumbue. Mwenyeji anasema si usumbufu. Unasema hapana, kweli, niko sawa. Mwenyeji anasema imeshapikwa, itamwagwa. Mara ya tatu unasema haya basi, kidogo tu, na hapo ndipo kahawa inamiminwa mpaka ukingoni. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Anayekataa mara ya tatu, hayo sikuwahi kuyaona kwa miaka kumi na tisa, na sidhani kama kuna aliyekuwa ameyaona.

Kwa hiyo Lavonne alipoleta jibini ya ziada, ya bure, "kwa ajili ya mifupa," Orval alikataa mara mbili, na mara ya tatu akala. Alipoleta kibakuli cha pili cha mchuzi, kwa sababu majani makavu humkwama mtu kooni, alikataa mara mbili na akala. Zikafuata zeituni za nyongeza, kwa sababu Lavonne alikuwa amesoma mahali kwamba watu wa Ugiriki wanaishi miaka mingi. Kila siku ya kazi, wiki saba mfululizo. Orval alikuwa akitoka pale akiwa ameshika mkanda wa suruali, na bado anajipongeza.

Kwenye duka la dawa kuna mashine ya kujipimia presha, unaingiza mkono inakubana. Mwanzoni mwa Oktoba tulipita. Ikasoma mia na sitini na nane.

Orval akaitazama ile namba. Kisha akasema, "Labda sijala saladi ya kutosha."

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani, lakini siku ya pili yake nilimwomba Lavonne kile kitabu cha takwimu za vyakula. Sheria inasema migahawa ya kampuni kubwa iwe nacho na mteja akikiomba apewe. Lavonne alikitafuta sana, akakikuta stoo chini ya taji za karatasi za siku za kuzaliwa, akakifuta vumbi na aproni.

"Umeanza kujiangalia, kipenzi?" akaniuliza. "Vizuri. Ile baga itakuua."

Nilisoma kitabu kile chooni, ili Orval asinione, na nilirudia ukurasa wa saladi mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Hesabu ya kalori waliyochapisha kwenye menyu ilikuwa ya theluthi moja ya sahani. Chini, kwa herufi za kusomwa na siafu, waliandika kwamba hesabu hiyo haijumuishi kuku, jibini, mchuzi wala bakuli. Yaani walihesabu majani, na hayo majani wakayagawa kwa watatu. Na kuhusu unyoya waliandika hivi: "Unyoya wa kijani ni ishara ya moyo wetu wa bustani. Hautoi ahadi yoyote kuhusu afya."

Nikajumlisha mwenyewe kutoka kurasa nyingine, kuku huku, jibini kule, supu kule. Chumvi tupu ilifika vijiko viwili vya chai na ushei, na hapo sijagusa nyongeza za Lavonne. Mtu hatakiwi kuzidisha kijiko kimoja kwa siku nzima. Baga yangu pamoja na chipsi haikufika kijiko kimoja. Mimi kazi yangu ni kupakia chumvi kwa tani na najua inafanya nini kwenye chuma, na pale chooni niliona aibu kwamba kwa wiki saba nimeketi mbele ya rafiki yangu nikimtazama akipakiwa vile.

Nilimwonyesha Orval ndani ya lori. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Lakini wameweka unyoya," akasema.

"Unyoya ni moyo wa bustani, mzee. Soma hapo."

"Sasa kwa nini wauweke?"

"Ili wewe uagize."

Nikamwambia dawa ni rahisi, kesho mwambie Lavonne hutaki tena saladi, akuletee kuku wa kuchoma na viazi vya kuchemsha visivyo na kitu. Orval akanitazama kama niliyemtaka avue nguo sokoni.

"Lusajo, anaileta kwa mkono wake. Ile jibini analipa yeye. Nitamwambiaje?"

"Basi tuhame, tukale kwingine."

"Lori langu lina rangi ya machungwa na limeandikwa jina la kaunti. Ataliona likipita."

Basi nifanye nini? Cheti kilikuwa kimebakiza wiki tano na siku kadhaa. Tukaamua, watu wawili wenye akili zao, kubadilishana sahani. Lavonne akileta chakula na kugeuka, mimi nasukuma baga, Orval anasukuma saladi. Shida ni kwamba kila baada ya dakika nne Lavonne anarudi kuuliza kama kila kitu kiko sawa, ndivyo kampuni ilivyowafundisha, kwa hiyo akionekana kwenye kona ya jikoni sahani zinarudi kwa wenyewe, naye anamkuta Orval ameshika uma juu ya majani, mashavu yamejaa mkate wa baga, anaitikia kwa kichwa. Siku moja alituwahi, tukabaki na sahani moja kila mmoja ameishika upande. Orval akasema tunaomba dua.

"Mungu awabariki," akasema Lavonne, na akaleta zeituni.

Na zile saladi nilizila. Kuziacha zibaki haiwezekani, maana Lavonne angezifunga kwenye boksi ampe Orval nyumbani, na siku ya pili amuulize ilikuwaje. Nilizila mimi, majani, kuku, supu, bakuli na kila kitu. Kufikia mwisho wa Oktoba viatu vya kazi havinitoki bila kuvutwa na naamka kichwa kizito. Presha ya Orval kwenye mashine ya duka la dawa ilikuwa inashuka kila wiki, mia na hamsini, mia na arobaini na tano, mia na thelathini na tisa, kwa baga na chipsi. Yangu, ambayo maisha yote haikuwahi kunisumbua, ilifika mia na arobaini na nne. Lavonne alikuwa akimwangalia Orval na macho yanamlengalenga. "Umekuwa na rangi nzuri," anamwambia. Mimi ananitazama na kutikisa kichwa.

"Nilimwonya huyu kuhusu baga," anasema.

Ikafika tarehe kumi na nne. Kipimo kilikuwa saa nane mchana. Nilimshauri Orval asile kabisa Bukini siku hiyo, akasema mwaka juzi alikosa kutokea siku moja kwa ajili ya jino, na Lavonne alikuja yadini na sinia la viazi lililotosha watu tisa. Tukaenda.

Lavonne alikuwa anatusubiri bila aproni. Alikuwa ameomba ruhusa nusu saa kwa ajili hiyo. Alikuja kutoka jikoni amebeba kwa mikono miwili saladi ya watu wawili, mabakuli mawili ya mkate yameunganishwa, na katikati amechomeka bendera ya karatasi. Akaiweka mbele ya Orval. Kisha akavuta kiti, akaketi nasi, kiwiko mezani, uso umejaa furaha.

"Hii nimeilipia mimi," alisema. "Nataka nikuone ukila yote kabla hujaenda. Ardis angekuwepo angekupikia yeye."

Niliitazama baga yangu. Kubadilisha hakuna. Orval aliiangalia saladi ile, na mimi najua alichokuwa anahesabu, kwa sababu nilikuwa nahesabu hicho hicho: vijiko vinne na ushei, saa mbili tu kabla ya kipimo, kwa mtu aliyebakiza pointi moja.

"Ah, hapana, Lavonne," akasema. "Usijisumbue."

"Si usumbufu."

"Hapana, kweli. Niko sawa."

"Imeshatengenezwa, Orval. Itatupwa." Akamsogezea uma. Alikuwa anatabasamu, akisubiri ile ya tatu.

Orval akashika uma. Akauweka chini, pembeni, sambamba na kisu. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Hapana," akasema.

Wazee wawili wa meza ya nyuma waliacha kutafuna. Lavonne bado alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki peke yake.

"Unasemaje?"

"Siitaki, Lavonne. Siitaki leo, na jana sikuitaka. Ina chumvi nyingi kuliko barabara. Tangu Oktoba anayekula ni Lusajo."

Lavonne akanigeukia. Nilisema zeituni zilikuwa nzuri.

"Ungeniambia," akamwambia Orval, taratibu.

"Nilikwambia. Nilikwambia hapana mara mbili kila siku."

"Mara mbili si hapana, Orval."

"Najua," akasema Orval.

Lavonne akanyanyuka, akachukua ile sahani na bendera yake. "Haya," akasema, neno hilo tu, akaenda nayo jikoni, na tukasikia ikishuka ndani ya pipa. Hakuna mtu mle ndani aliyenyanyua kichwa tulipokuwa tunatoka. Kwenye gari Orval alinipa ufunguo, nikaendesha mimi.

Kliniki, mama mpimaji, Bi. Joylene, alimfunga mpira mkononi, akasubiri, akakunja uso. Mia na sabini na moja kwa tisini na nane. Niliona karatasi ile ya miezi mitatu mezani. Wiki tano zote za kula bustani, na mimi na viatu vyangu, bure.

"Umepanda ngazi?" akauliza Bi. Joylene.

"Hapana, mama."

"Umegombana na mtu?"

Orval aliangalia sakafu. "Nimemkatalia saladi Lavonne wa Bukini."

Bi. Joylene ni wa hapa hapa, mama yake alizaliwa ng'ambo ya mto. Aliweka kalamu chini.

"Mara ya tatu?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, na yeye ameketi."

Akainuka mwenyewe, akashusha mapazia. "Vua viatu, baba. Lala hapo kitandani, usiongee. Na wewe," akaniambia, "nyamaza kabisa." Tukakaa gizani dakika ishirini. Nilimsikia Orval akipumua, mwanzoni haraka, baadaye taratibu, na mara moja alisema jina la Ardis, au nilidhani. Bi. Joylene akarudi akampima bila kuwasha taa kubwa. Mia na thelathini na sita kwa themanini na nne. Akampima tena ili awe na uhakika, ikasoma vile vile, akaandika cheti cha mwaka mzima.

Theluji ya kwanza ya maana ilianguka siku sita baadaye, inchi tisa. Orval alitoka yadini kabla ya mapambazuko, nikiwa nimempakia mwenyewe, akasafisha barabara zake zote na hakuangusha sanduku la barua hata moja. Alikuwa anapiga mluzi kwenye redio ya kazini, jambo ambalo haliruhusiwi, na hakuna aliyemkataza.

Mchana tulikwenda Bukini. Lavonne alikuwa ametuhudumia siku zote hizo kwa adabu tu, kuku wa kuchoma kwa Orval, viazi vitupu, kila kitu kama kilivyoagizwa na hakuna nyongeza. Siku hiyo alisimama mezani kwetu akiwa na kipande cha pai ya tufaha, bado kinatoa moshi, na uso wake ulikuwa umelainika kidogo.

"Umefanya kazi nzuri leo," akasema. "Pai?"

Nilimwona Orval akiivuta harufu. Tangu Agosti hakuwa ameonja kitu kitamu.

"Ah, hapana," akasema. "Usijisumbue."

"Sawa," akasema Lavonne, na akaondoka nayo. Akawapa wale wazee wa meza ya nyuma.

Orval alibaki ameangalia pale kwenye meza ambapo ile sahani ingekaa. Nikamwambia, "Si umekataa mwenyewe, mzee."

"Nimekataa," akasema Orval. "Lakini mara moja tu."